Moto Usiofuka Moshi

Nyumba za zamani za Uluguru hazikuwa na bomba la moshi, wala hazikulihitaji. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, paa la nyasi, na ndani mafiga matatu. Moshi ulipanda, ukazunguka kwenye mahindi yaliyotundikwa juu, ukawafukuza wadudu, ukaipaka nyasi masizi, kisha ukatoka taratibu kupitia paa lenyewe. Wazee wa kwetu Bigwa husimulia kwamba asubuhi ulisimama barabarani, ukatazama juu milimani, na ukajua nani ameshaamka kwa kuona paa gani linafuka.

Sitaki kuupamba moshi huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu za jikoni ziliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wengi wa wanaouvuta ni wanawake na watoto. Lakini moshi wa kuni una sifa moja ambayo tumeisahau: hauna siri. Unachoma macho, unakwaruza koo, unamliza mtoto. Mtu aliyefunga mlango huku kuni zinafuka ataufungua tu, hata kama hajasoma kemia. Ndiyo maana tunasema panapofuka moshi pana moto. Methali hiyo inamwamini moshi kama shahidi.

Ninachotaka kusimulia ni jinsi tulivyomwondoa shahidi huyo nyumbani, tukamwacha mtuhumiwa ndani.

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 ikitokea Dar es Salaam. Pamoja na reli ukaja mji, na pamoja na mji wakaja watu wanaoishi mbali na kuni: makarani, vibarua wa mashamba ya mkonge, wafanyabiashara, wapangaji. Ukipanga chumba kimoja huwezi kuwasha mafiga. Masizi yatachafua ukuta wa mwenye nyumba, na moshi utaingia kwa jirani. Mkaa ulikuwa jibu zuri kwa swali la mjini. Ni mwepesi kuubeba, hauozi, unapimwa kwa kopo kwa mwenye shida na kwa gunia kwa mwenye nafasi, na ukishashika haufuki moshi.

Kwa nini haufuki? Kwa sababu moshi wake ulishatoka. Mchoma mkaa anapanga magogo, anayafunika kwa majani na udongo, anawasha na kuacha vitundu vichache vya hewa. Kwa siku kadhaa tanuri linatoa maji, lami na moshi mzito mweupe. Kinachobaki, kwa sehemu kubwa, ni kaboni. Kwa hiyo mtu wa mjini anaponunua mkaa ananunua kuni ambazo moshi wake umeachwa porini Kilosa au Mvomero. Huo ndio usafi anaoulipia.

Serikali imejaribu kuuzuia. Mwaka 2006 ilipiga marufuku mkaa, na marufuku hiyo haikudumu, maana miji ilikuwa haina kitu kingine cha kupikia ugali. Mafundi nao walijaribu njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilitokea jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo wazo lake lilitoka kwenye majiko ya ndoo ya Thailand. Majiko ya aina hiyo yalienea hadi kwetu, tukayaita majiko bora. Yalipunguza mkaa na yalishika joto kwa muda mrefu. Faida hiyo ya pili ndiyo inayonitisha. Jiko linaloshika joto hadi usiku wa manane ni jiko ambalo mtu anashawishika kulala nalo.

Wakati huohuo nyumba nazo zilibadilika. Nyasi zikaondoka, mabati yakaja. Fito zikaondoka, tofali za saruji zikaja. Katika miaka ya karibuni kumekuja madirisha ya aluminiamu yanayoteleza na dari za jipsamu. Mtu wa Bigwa anayejenga leo anajivunia nyumba isiyopitisha upepo wala vumbi, na ana haki ya kujivunia. Ila hewa iliyokuwa ikipita bure juu ya vichwa vya bibi zetu sasa inazuiwa na fundi tuliyemlipa wenyewe. Na mwezi Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka milimani, kila kidirisha kinafungwa.

Hapo ndipo jiko linapoingizwa chumbani.

*

Kila mwaka, wakati wa baridi, magazeti yetu huandika habari inayofanana: familia imekutwa asubuhi haina uhai, jiko la mkaa likiwa ndani. Mwandishi huandika kwamba walikufa "kwa kukosa hewa", au "kwa kuvuta hewa ya ukaa". Maneno yote mawili yanaficha kitu. Hewa ya kupumua ilikuwepo chumbani. Na "hewa ukaa" ndilo jina tunalotumia kwenye habari za mabadiliko ya tabianchi, tukimaanisha kaboni dayoksaidi. Muuaji wa chumbani kwa kawaida ni ndugu yake, kaboni monoksaidi, ambaye kwa Kiswahili cha kila siku bado hana jina. Sisi tunaojua kutofautisha moshi, fukuto, mvuke, masizi na ufukizo hatujampa jina, kwa sababu hatujawahi kumwona wala kumnusa.

Gesi hii haina rangi, harufu wala ladha. Inazaliwa kaboni inapoungua bila oksijeni ya kutosha, na vilevile kaboni dayoksaidi inapopita juu ya mkaa mwekundu. Ukitazama jiko gizani utaona miali midogo ya buluu inacheza juu ya mkaa. Ile ni kaboni monoksaidi inaungua. Miali ikizimika na mkaa ukabaki mwekundu tu, gesi haijaisha. Sehemu yake inatoka bila kuungua. Hivyo ile busara inayorudiwa kila mahali, kwamba subiri mkaa uive vizuri ndipo uuingize ndani, inatibu moshi peke yake.

Aliyeanza kufichua inavyoua ni Mfaransa Claude Bernard, katika miaka ya 1850. Aligundua kwamba gesi hii inang'ang'ania himoglobini ya damu, mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa. Leo tunajua inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anavuta pumzi, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu inazunguka ikiwa imebeba abiria asiyefaa.

Januari 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales, ulilipuka na kuua watu 57. Mwanasayansi John Scott Haldane aliichunguza miili na kuonyesha kwamba wengi wao hawakuuawa na mlipuko. Waliuawa na gesi iliyofuata, wakiwa wanajaribu kutoka. Haldane alikuwa ameshaivuta gesi hiyo yeye mwenyewe ili aandike dalili zake. Alishauri wachimbaji waingie na wanyama wadogo, kwa kuwa mnyama mdogo hupumua haraka na huonyesha dalili kabla ya mtu. Ndivyo ndege wadogo wa njano, kanari, walivyokuja kubebwa migodini Uingereza, na walikuwa bado kazini hadi mwaka 1986, vilipoingia vifaa vya umeme.

Dalili ni zipi? Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Msomaji wangu wa Morogoro ameshaona tatizo. Hizo ni dalili ambazo kwetu mtu akizipata usiku anasema, "Malaria imeniamka, kesho nitaenda kupima." Kisha analala.

*

Kuna janga jingine ambalo naona linaeleza hali yetu vizuri zaidi kuliko kanari. Tarehe 18 Machi 1937, shule ya mji wa New London, Texas, ililipuka. Gesi asilia ilikuwa imevuja chini ya jengo, na gesi hiyo kwa asili haina harufu, kwa hiyo hakuna aliyejua. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria zikataka gesi itiwe harufu mbaya makusudi. Ile harufu ya yai bovu unayoisikia mtungi wako wa gesi unapovuja si ya gesi yenyewe. Imewekwa ili pua yako ikuamshe.

Gesi ya kiwandani inapita mahali pamoja ambapo mtu anaweza kuitia harufu. Mkaa unachomwa na maelfu ya watu porini, na sumu yake inatengenezwa chumbani kwako, muda uleule unapouvuta. Hakuna mahali pa kuitia harufu. Kwa hiyo kilichobaki ni pua ya bandia, yaani kifaa.

Kifaa cha moshi kilianza kwa bahati. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Mswisi Walter Jaeger, ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa akitengeneza chombo cha kunusa gesi ya sumu. Chombo kikakataa kuitambua gesi. Akawasha sigara kwa kukata tamaa, na mshale ukacheza: kimetambua moshi. Katikati ya miaka ya 1960 huko Colorado, Duane Pearsall na wenzake walitengeneza kigunduzi cha moshi cha nyumbani kinachotumia betri, na katika muongo uliofuata vikaenea Marekani. Kigunduzi cha kaboni monoksaidi ni kifaa kingine kabisa. Ndani yake kuna seli ya kikemia ambayo gesi ikiigusa inatoa umeme kidogo. Hili nalisema wazi kwa sababu nimelikuta hata kwa mafundi umeme: kigunduzi cha moshi hakitakuamsha kwa jiko la mkaa lililoiva. Kinasubiri moshi, na moshi ulishabaki Kilosa.

Morogoro tunaujua moto wenye kelele. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100, na dunia nzima iliona picha. Tanzania inaijua pia mioto ya usiku. Shauritanga, Rombo, Juni 1994, zaidi ya wasichana 40. Idodi, Iringa, Agosti 2009, wasichana 12. Kyerwa, Kagera, Septemba 2020, watoto 10. Ukivuka mpaka kuna Kyanguli, Machi 2001, wavulana 67, na Endarasha, Septemba 2024, wavulana 21. Wengi wa watoto hao moto uliwakuta usingizini. Pua ya mtu aliyelala nayo imelala, na kwa hilo moshi wenyewe si shahidi wa kutegemewa usiku. Kifaa cha darini kinakesha.

*

Nilivipata viwili mwaka jana kutoka kwa binamu yangu anayeishi Leicester. Kule, tangu Oktoba 2015, mwenye nyumba wa Uingereza analazimika kumwekea mpangaji kigunduzi cha moshi kila ghorofa, na cha kaboni monoksaidi katika chumba chenye jiko la kuni au makaa. Binamu aliviweka kwenye begi katikati ya nguo za mtumba. "Nyie ndio mna majiko ya mkaa," alinitumia ujumbe, "halafu sisi ndio tuna vigunduzi."

Nilivitaka kwa sababu dada yangu alikuwa anakuja kujifungua kwa Bibi. Sisi Waluguru ukoo ni wa mama. Mtoto wa dada yangu ndiye anayeuendeleza ukoo wetu, na mzazi wa kwanza anarudi kukandwa na Bibi kama mama zake walivyokandwa. Kukandwa maana yake maji moto, uji wa pilipili manga, na chumba chenye joto. Joto linaletwa na jiko.

Cha moshi nilikifunga kwenye dari ya korido, nje ya milango ya vyumba, kwa kuwa moshi hupanda. Nilikiweka mbali na jikoni, maana kifaa kinacholia kila unapokaanga dagaa kitatolewa betri kabla ya Jumapili. Kwenye nyumba isiyo na dari ningekishusha kidogo chini ya bati, kwa sababu hewa ya moto inayokwama chini ya bati lililochomwa na jua inaweza kuuzuia moshi usikifikie. Cha kaboni monoksaidi nilikiweka ukutani chumbani kwa mzazi, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala. Gesi hii ina uzito unaokaribiana na wa hewa, inachanganyika kila mahali, hivyo unakiweka pale mtu anapopumua. Vyote ni vya betri, kwa hiyo umeme ukikatika havijali. Mwisho nikapiga msumari karibu na mlango mkubwa, nikatundika funguo za geti la nondo. King'ora kinaamsha tu. Kufungua ni kazi yako.

Bibi alitazama kazi yote akiwa barazani. Jioni akawasha jiko.

"Bibi, hilo jiko tuliache hapa hapa nje."

"Mume wangu," akasema, ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "mama yako nimemlea kwa makaa ya moto. Yupo, hayupo?"

"Yupo, Bibi."

"Basi."

Ningeweza kumweleza himoglobini. Badala yake nikamuuliza, "Mama ulimlea kwenye nyumba ipi?"

Akanyoosha kidole kuelekea shambani, ilipokuwa nyumba ya nyasi. Kisha akanyanyua macho, akatazama dari ya jipsamu ambayo wajukuu tulichanga kuiweka, na lile dirisha la kioo. Hakusema kitu. Nami nikanyamaza, maana si heshima kumshinda Bibi wako kwa maneno.

Nikamwomba tufanye jaribio. Dada na mtoto wake, aliyekuwa na siku tisa, walikaa barazani. Tukaingiza jiko sebuleni, mkaa umeiva mwekundu kama anavyotaka mwenyewe, tukaweka kifaa juu ya kabati, tukafunga dirisha na mlango. Tulichungulia kwa nje kupitia kioo. Namba ikasimama kwenye sifuri. Kisha 18. Kisha 47. Ilipopita 100 haikulia bado. Kifaa hupima kiasi na muda kwa pamoja: kwa viwango vya Ulaya, kwenye sehemu 50 kwa milioni kinasubiri saa nzima au zaidi, kwenye 100 kinalia kati ya dakika 10 na 40, kwenye 300 hakingoji hata dakika tatu. Tulikuwa tumeanza kuzungumza mambo mengine kilipopiga kelele, kali, mfululizo, hadi mbwa wa jirani akaitikia.

Bibi alitazama ndani muda mrefu. Sebule ilikuwa safi. Ungeweza kuhesabu nyuzi za kitambaa cha kochi.

"Kinalia nini," akauliza, "na moshi hakuna?"

Sijawahi kusikia swali bora zaidi kuhusu jambo hili. Nilifungua mlango na dirisha, nikatoa jiko, na tulipokaa nje nikamweleza yote: tanuri la porini, moshi unaobaki kule, kitu kisichonukia kinachobaki ndani ya mkaa. Alisikiliza. Mwishowe alisema kwamba zamani mzazi wa mtaa mmoja alikutwa amekufa na mtoto wake chumbani, jiko limezimika, na watu walisema mengi kuhusu nani amewaloga. Kuna mama mmoja aliyebebeshwa lawama hiyo mpaka akahama. Bibi alimtaja jina. Mimi silitaji hapa.

Kuanzia usiku ule jiko lilibaki barazani. Lilichemsha maji, maji yakatiwa kwenye chupa, chupa zikaviringishwa kanga na kuwekwa kando ya miguu ya mzazi. Joto lilipatikana. Kanuni ilikuwa ya Bibi, na yeye ndiye aliyeitangaza. Ingetoka kwangu isingevuka geti.

*

Tuna Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na namba ya dharura 114 ambayo kila simu inapaswa kuwa nayo. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Tukilifikia lengo hilo, na naomba tulifikie, bado mmoja katika kila watano atakuwa na mkaa au kuni, na huyo ndiye mwenye chumba kidogo zaidi. Wa mtungi naye hajapona moja kwa moja, maana jiko la gesi linalowaka vibaya kwenye chumba kilichofungwa linatoa sumu hiyo hiyo, na jenereta lililowekwa koridoni linaitoa kwa wingi zaidi.

Kwa hiyo kwa aliye na uwezo, nunua vyote viwili, bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi, na soma tarehe ya mwisho nyuma yake, kwani hata kifaa hiki huchakaa. Kwa asiye na uwezo, jiko lisilale na mtu. Likiwa limeiva, likiwa limefunikwa majivu, likiwa "limeshazimika", lisilale na mtu. Na ukiamka usiku kichwa kinauma na mwenzako pia kinamuuma, toka nje kwanza, malaria utaipima ukishatoka.

Cha kaboni monoksaidi kwetu hakikai tena ukutani. Wanawake wa jirani wenye wazazi majumbani huja kukiazima kwa Bibi, kama wanavyoazima kinu au ungo, na yeye hukitoa kwa sharti kwamba anakwenda nacho mwenyewe na kukaa mpaka kilie. Wiki hii kiko nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa binti aliyejifungua mapacha.